Udaga wa Siku Mbili

Suguti, Jumapili jioni

Nyabwire,

Dada yako ameshamaliza kukufungia mizigo. Nimemwona akiweka sufuria ndogo, ndoo yenye mfuniko, karanga za kukaanga na ule unga wa ulezi alioupepeta mwenyewe. Nimemsikia pia akikuagiza uchemshe maji ya kunywa hata kama wenzako watakucheka, unywe kabla kiu haijakushika, na usishinde na njaa ukingoja chakula cha jioni. Amekuambia usile chipsi kila siku kwa sababu tu zinauzwa getini. Yote ameyasema vizuri kuliko ambavyo ningeyasema mimi. Mdomo wangu, kwenye mambo ya chakula, hauna haki ya kumwagiza mtu, na barua hii nakuandikia nikueleze kwa nini.

Nimekaa nje, mwanga bado upo. Wewe umekwenda kuwaaga wanakwaya na utachelewa kurudi, nakujua. Barua nitakupa kesho ukishapanda gari, ili usiisome mbele yangu. Huo ni woga, na afadhali uuzoee mapema, maana utakutana nao mpaka mwisho wa karatasi hizi.

Jumanne iliyopita ulikuwa mezani unajaza fomu ya chuo. Ulipofika penye jina la mama ukaandika "Amefariki". Hukusita hata kidogo. Ukanigeukia, ukaniuliza mwaka wangu wa kuzaliwa, nikakutajia, ukaendelea kuandika. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako na kikombe mkononi. Mama yako hajafa, Nyabwire, na unajua kwamba hajafa. Ulichoandika pale ni hukumu, na aliyekufundisha kuitoa ni mimi.

Umekua na habari moja tu kumhusu. Kwamba alikuwa mvivu wa jikoni, akawapikia watoto udaga, muhogo wa kuvundikwa, ambao haujaiva, dada yako Nyangeta akapooza miguu, na alipoona ameharibu akatukimbia akarudi kwao Butiama, akakuacha wewe hujatimiza miaka miwili. Hayo umeyasikia kwa bibi yako, Mungu amrehemu, na kwa shangazi zako, mimi nikiwa nimekaa palepale namenya chungwa. Sikuwahi kuyasema kwa mdomo wangu. Sikuwahi kuyakanusha pia. Kweli iliyomo ni moja, kwamba udaga haukuiva.

Wewe umeanza kupata akili maduka yamejaa, kwa hiyo miaka ile sijui nikuelezeje. Leo hata kibanda cha hapa njia panda kina sabuni za rangi tatu. Wakati ule tulifulia majani ya mpapai. Mshahara wa ualimu ulikuja, tena mara nyingine ulikuja kwa wakati, ila ukienda nao dukani unakuta rafu tupu na muuzaji amelala juu ya kaunta. Sukari ililetwa kijijini kwa mgawo, ikifika inagawiwa kwa kikombe, na watu walikaa foleni tangu alfajiri wakiweka mawe kushika nafasi zao. Ukikutwa na sukari nyingi nyumbani ulikuwa unaulizwa umeipata wapi.

Sasa baba yako alikuwa mtumwa wa sukari. Sitafuti neno zuri zaidi. Nilizaliwa kwenye nyumba ya uji wa mtama wenye chumvi, na nilipokwenda chuo cha ualimu nikapewa chai ya maziwa yenye sukari na kipande cha mkate kila asubuhi. Nikaona hapo ndipo binadamu anapofika. Tangu siku hiyo, kikombe kisicho na sukari kilikuwa kama kunirudisha shambani bila viatu. Niliwaponda walimu wenzangu waliokunywa chai ya rangi na kiazi. Nilisema mwalimu anajulikana kwa kikombe chake, watu wakacheka, nikadhani wanakubali.

Tulikuwa na kitu kimoja ambacho majirani hawakuwa nacho. Binamu yangu wa Mugango alikuwa mvuvi, na kwa kuwa nilimwandikia barua zake na kuwafundisha wanawe, kila Jumamosi nilikwenda kwake kwa baiskeli nikarudi na nusu debe la dagaa wakavu. Mama yako aliwatia kwenye kila kitu. Aliwatwanga akawachanganya hata kwenye uji wa Nyangeta. Kwao ni wafugaji, walikula ugali wa ulezi na maziwa, na dagaa alipofika hapa walimnukia vibaya, lakini alijifunza kuwala kwa ajili ya mtoto.

Mwaka ule mvua zilikataa. Mtama ulikauka ukiwa wa magoti, mahindi hayakufika hata hapo, na kilichobaki ardhini kilikuwa muhogo. Muhogo wetu wa huku unaujua, ule mchungu ambao hata ngedere anauonja na kuutupa. Jua likizidi nao unazidi uchungu. Ukitaka kuula salama lazima uumenye, uuanike kidogo, uuvundike chini ya majani na magunia siku kadhaa mpaka uote ukungu na kulainika, ndipo uukwangue, uupondeponde na kuuanika juu ya jabali hadi ukauke kabisa. Huo ndio udaga. Wanawake wa hapa wamezaliwa nao, mikono yao inajua yenyewe. Mama yako alifundishwa na bibi yako akiwa tayari ameolewa, na kwa sababu hiyo aliuogopa kuliko wao. Alikuwa anafunua magunia, anaonja kwa ncha ya ulimi, anatema, anafunika tena. Bibi yako alimcheka kwa hilo.

Katikati ya ukame ule nilimpata dereva mmoja wa lori mjini Musoma aliyekuwa na sukari ya mlango wa nyuma. Alitaka dagaa. Tukaelewana kwa dakika mbili. Tangu hapo kila Jumamosi nilitoka Mugango na dagaa wangu, nikapita njia ya mjini, nikarudi nyumbani na mfuko mdogo chini ya shati. Nilimwambia mama yako kwamba ziwa limechafuka na binamu hapati kitu. Sukari niliiweka kwenye sanduku langu la chaki na kulifunga kwa kufuli. Nyangeta nilimpa kijiko cha chai siku ya Jumapili, nikijiona baba mwema. Siku nyingine nilifungua sanduku nikaramba kiganjani kabla ya kwenda kufundisha.

Na nilikuwa nafundisha nini? Somo la afya, darasa la tano. Vyakula vya kujenga mwili, samaki, maharage, maziwa. Vya kutia nguvu, muhogo, ugali, viazi. Vya kulinda mwili, mboga na matunda. Nilichora samaki mzuri ubaoni, mwenye magamba na jicho, na watoto ambao hawakuwa wamekula tangu jana walimnakili kwenye madaftari yao.

Mama yako aliniuliza mara moja tu. Alikuwa anafuta baiskeli akaokota kichwa cha dagaa kwenye kiti cha nyuma, akakiweka juu ya meza mbele ya kikombe changu. Nikamwambia asinichunguze kama polisi. Hakuuliza tena.

Halafu akaja mkaguzi wa shule. Nilijulishwa jioni kwamba kesho mchana atakula kwangu. Nikamkuta mama yako uani, nikamwambia afunue muhogo aliouvundika juzi yake atengeneze unga. Akanitazama kama mtu ambaye hajasikia vizuri.

"Baba Nyangeta, hii bado. Siku mbili haitoshagi," alisema. "Mimi hii siwezi kulisha mtu."

Nikamwambia sikumwoa kwa ng'ombe wale wote aje anifundishe chakula cha kwetu. Nikamwambia aanike juu ya jabali asubuhi na mapema, jua ni kali, litamaliza kazi yenyewe. Akafanya. Mkaguzi aliula ugali ule na kuku wetu wa mwisho, akasifu, akaondoka. Hakuna aliyekufa. Na hapo ndipo ubaya ulipoingia, Nyabwire, katika hilo kwamba hakuna aliyekufa. Wiki iliyofuata nilipokuta ugali haupo nilimwambia, "Si ule wa siku mbili ulikuwa sawa tu?" Zikawa siku mbili. Mwezi uliofuata ikawa siku moja. Alipokataa nilinyamaza siku tatu bila kusema naye, na kwenye nyumba yenye njaa mwanamke hawezi kustahimili kununiwa huku mtoto analia. Akawa anafanya haraka kwa sababu nilimlazimisha.

Ningeweza kusema njaa ndiyo iliyotusukuma, na ningekuwa nimesema nusu ya kweli. Mimi mwenyewe nilikula ugali ule mara chache. Mchana nilibaki shuleni na chai yangu, na Jumamosi binamu hakuniacha niondoke Mugango bila kula samaki. Waliokula kila siku, bila dagaa, bila maharage, bila tone la maziwa, walikuwa mama yako na dada yako. Wewe ulikuwa unanyonya.

Nyangeta alianza kulalamika kwamba akila kichwa kinauma na dunia inazunguka. Mara mbili alitapika. Mama yako naye nilimwona akishika ukuta baada ya kula. Nikasema ni njaa tu, tumbo likikaa bure muda mrefu linashangaa chakula. Nilisema kwa sauti ya darasani, na nikajiamini.

Asubuhi moja Nyangeta aliamka, akachukua kidumu chake kumfuata mama yako kisimani, akaanguka pale mlangoni. Mama yako alidhani anacheza. Akamwambia aache mchezo. Mtoto akajaribu kuinuka, miguu ikakakamaa, visigino vikagoma kugusa chini, akaanguka tena. Hakuwa na homa. Hakulia kwa maumivu, maana hayakuwepo. Alikuwa anatushangaa. Alikuwa na miaka minane na siku iliyotangulia alishinda anaruka kamba. Tulimkanda kwa maji ya moto, tulimpeleka hospitali, tukampeleka na kwingine ambako mwalimu hatakiwi kuonekana. Namna alivyokuwa jioni ya siku ile ndivyo alivyo mpaka leo, kwa fimbo zake mbili na ncha za vidole.

Baada ya wiki chache bwana afya alifika kwa pikipiki. Alikuwa kijana mpole, na alikuwa ameshasikia kesi kama hiyo mahali pengine. Alinikuta uani, majirani wamejaa, wanafunzi wangu wamepanda juu ya mawe kutazama pikipiki. Akafungua daftari akauliza, mbele yao wote, muhogo wetu tunauvundika siku ngapi, na tunaula na mboga gani.

Hapo ndipo ungeweza kuokoka mambo mengi, mwanangu. Mtu amekuja mwenyewe bila kuitwa, ameuliza swali lenyewe hasa, anangoja. Nikamjibu: "Siku tano mpaka sita, bwana. Na samaki hapa hawakosekani, mimi nina ndugu mvuvi. Hii ni nyumba ya mwalimu."

Mama yako alikuwa amekubeba. Akaniangalia. Yule kijana akamgeukia, akamwuliza kwa heshima, "Mama, ni hivyo?"

"Mwalimu ameshasema," alijibu.

Kijana akaandika. Alimaliza akasema basi huenda si chakula, labda ni homa fulani, atapeleka taarifa. Akawasha pikipiki. Hakumwambia mtu yeyote kijijini abadili chochote, kwa sababu nyumba ya mwalimu ilikuwa imethibitisha kwamba hakuna cha kubadili. Kabla ya mvua kurudi, mtoto wa jirani yetu wa ng'ambo ya korongo naye alianguka vilevile. Unamfahamu. Ndiye anayeshona viatu amekaa pale sokoni. Mama yake hunisalimia kwa kupiga goti, na kila akipiga goti natamani ardhi inimeze.

Bibi yako na wazee wa ukoo walikutana. Mtoto wa pili alipoanguka watu walikuwa wameanza kusema mambo ya uchawi, na wazee walitaka jibu la haraka kabla jina letu halijachafuka. Bibi yako akasema yeye anajua: huyu mke hakuwahi kuujua udaga, na amekuwa akiulipua. Alikuwa ameona magunia yakifunuliwa kabla ya siku zake. Mzee mmoja akaniuliza nami nina neno gani. Nikasema, "Mimi nashinda shuleni. Yanayofanyika jikoni siyajui."

Maneno hayo ndiyo yaliyomfukuza mama yako, ingawa sikumshika mkono kumtoa. Kaka zake wawili walikuja kutoka Butiama. Walikaa kwenye viti wakasikiliza dada yao akielezwa kuwa mpishi aliyemlemaza mtoto wake mwenyewe, na walikuwa watu wa heshima, hawakubisha kwenye nyumba ya watu. Wakamwuliza kama ni kweli. Akasema kwamba alipika yeye. Nilingoja ataje sanduku la chaki, asilitaje. Baadaye nilijiuliza kwa nini, na jibu nililopata ni baya kuliko kama angenitaja. Nadhani alijiona ana hatia kweli, kwa sababu mikono iliyoanika muhogo ule ilikuwa yake.

Hakutaka kuwaacha ninyi watoto. Alikushika wewe mpaka shangazi yako akakutoa mikononi mwake. Kwa mila watoto ni wa ukoo, akaambiwa, na mwanamke aliyemlemaza mmoja hapewi wa pili. Mwezi uliofuata kaka zake walileta ng'ombe wawili, sehemu ya mahari, kama fidia ya aibu. Nikawapokea. Mmoja alikuwa na ndama, na maziwa yake ndiyo yaliyokulea wewe baada ya kuachishwa ziwa kwa nguvu. Ndiyo maana una mifupa mizuri. Nimekuwa nikitaka kukuambia hivyo kila mtu anaposifu urefu wako.

Kwa nini sikurekebisha baadaye? Mwanzoni nilijiambia sina uhakika, mimi si daktari. Kisha, wewe ukiwa darasa la nne, waliniita Musoma kwenye semina ya walimu kuhusu lishe. Maduka yalikuwa yamekwisha kufunguka, na kila mshiriki alipewa soda mbili. Mtoa mada alieleza habari ya muhogo mchungu, sumu yake, siku zake, na namna mwili usiopata samaki au maharage unavyoshindwa kupambana na sumu ile mpaka ikala miguu. Alieleza pole pole, kwa michoro. Nilikaa pale nikiona ua wangu wote ubaoni. Alipouliza kama kuna mwenye swali sikunyoosha mkono. Nilifungua soda ya pili nikanywa.

Sasa sukari imejaa kila mahali, na imejaa ndani yangu. Unaniona ninavyoamka kutafuta maji. Kiu hii sijui nikufananishie na nini. Nakunywa mtungi, nasimama, natamani mwingine. Daktari ameniambia yale ambayo nilikuwa nayafundisha, tena kwa kutumia mchoro unaofanana na wangu. Na hata hivyo wiki hii nimekwenda kibandani mara tatu. Nyangeta ameficha sukari, ufunguo amejifunga shingoni, na mimi mtu mzima nakwenda kwa watu kuomba waniuzie soda niinywe nyuma ya kibanda. Nimepoteza mke, nimeharibu miguu ya mtoto, kidonda kwenye kidole changu hakitaki kufunga, na ulimi wangu bado haujajifunza chochote. Sina habari njema ya kukupa kuhusu hilo. Nilidhani majuto yanamtibu mtu. Hayatibu.

Nawe una lako, Nyabwire, ingawa si utamu. Wewe ukikasirika unasusa. Ulipokosana na dada yako kwenye Pasaka ulikaa siku mbili kwa maji matupu, na ukafurahi kuona tunahangaika. Hilo nalo ni kutumia chakula kumwumiza mtu, na umelipata kwangu, maana mimi nilinuna na wewe unasusa. Nakuomba, ukimaliza kusoma hapa ule. Nichukie ukiwa umeshiba.

Na utakapokuwa muuguzi, watakutuma vijijini na daftari kuuliza watu wanakula nini. Usimwulize mtu mbele ya majirani zake. Usimwulize mume wakati mke amesimama amebeba mtoto. Ingia jikoni, omba maji ya kunywa, chungulia chungu, mwulize mtoto jana alikula nini, maana mtoto hajui aibu bado. Watu watakuambia wanakula samaki. Njaa watakuambia, hiyo haina aibu sana. Watakachokuficha ni kwamba ndani ya nyumba moja mmoja alikula na mwenzake hakula. Yule bwana afya alikuwa mzuri, ila alikuwa kijana na aliliamini shati langu la ualimu.

Leo baada ya misa nilimweleza Nyangeta kwanza. Nilifikiri ni haki yake kabla yako. Alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Nilisema yote, sanduku, dereva, mkaguzi, bwana afya. Hakuinua uso mpaka nikamaliza.

"Mimi nilijuaga, baba," alisema. "Nilikuwa mdogo, sikuwa kiziwi. Mama alikuwaga anakuomba na mimi nasikia."

Nikamwuliza kwa nini amenipikia miaka yote hii. Akasema mtu akiwa hawezi kutembea hachagui sana nyumba ya kukaa. Kisha akaendelea na dagaa wake. Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana sijui nitakula vipi chakula atakachopakua usiku huu.

Nilimwona mama yako mara moja tu tangu aondoke. Nilikuwa kwenye basi la kwenda Bunda, likasimama njia panda ya Butiama, naye alikuwa kando ya barabara na vibuyu vya maziwa, amekonda, amefunga kitambaa cha bluu. Alikuwa anatazama madirisha ya basi moja baada ya jingine, kama muuzaji yeyote. Macho yake yalipokaribia dirisha langu niliinamisha kichwa nikajifanya nafunga kamba ya kiatu mpaka gari likaondoka.

Basi lako la kesho litapita palepale. Anaishi kwa kaka yake mkubwa, mwendo wa nusu saa kutoka njia panda. Ukimtaja mama yako kwa jina lake, Wakuru, kila mtu atakuonyesha. Chuo kinafunguliwa Jumatano, una siku nzima ya ziada. Sikulazimishi kushuka. Sina tena amri ya kumpa mtu. Sitegemei kwamba atanisamehe, na sitamwomba, maana kumwomba msamaha mtu uliyemnyang'anya watoto ni kumwongezea mzigo. Sitegemei pia kwamba utarudi hapa likizo. Nyangeta ameniambia akipata nafasi angependa kwenda kukaa kwa mama yake, na nitamtafutia gari mwenyewe.

Ila ukishuka, nina jambo moja. Mama yako hajui kusoma. Nimefundisha kusoma watoto wa kijiji hiki kwa miaka ishirini na saba, na yule aliyekuwa analala nyumbani kwangu sikumfundisha hata herufi moja. Siwezi kumwandikia. Kwa hiyo msomee wewe barua hii, mchana, uani, kaka zake wakiwepo, na wake zao, na jirani yeyote atakayepita. Soma yote. Usiruke penye kufuli, wala penye soda, wala pale niliposema siyajui ya jikoni. Akikuambia rudia, rudia. Na kila mahali nilipojiita baba yako, wewe taja jina langu lote, ili wajue waliletewa uongo na nani. Nimeliandika hapa chini kwa herufi kubwa usije ukakosea.

MASATU MAGESA